Hedhi Ikikata, Uliza na Kichwa

Miezi mitano sikuona siku zangu, na mimba sina. Ultrasaundi mbili zikatoka safi: kizazi kizima, ovari nzima. Asubuhi moja nikivua sidiria nikaona doa limekauka. Nikaminya chuchu. Maziwa.

Daktari wa tatu hakugusa tumbo. Aliuliza kama kichwa kinauma, kama naona vizuri pembeni, na natumia dawa gani. Situmii, nikamjibu. "Hata ya kichefuchefu?" Lo! Metoklopramaidi niliandikiwa ya siku tano, nikanogewa nikawa najinunulia mwenyewe. Sikuihesabu kuwa dawa.

Ovari hazijiamulii. Amri hutoka kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayotoa homoni ya GnRH kwa vipindi: inatoa, inanyamaza, inatoa tena baada ya saa moja au saa na nusu hivi. Hapo chini yake pituitari, tezi ndogo kama punje ya njegere, huitikia kwa kumwaga homoni mbili, FSH na LH, kwenye damu. FSH hukuza vifuko vya mayai. LH ikipanda ghafla, yai huchomoka. Kinachonishangaza hadi leo ni kile kunyamaza. GnRH ikimiminika mfululizo, pituitari huacha kuitikia, na madaktari hutumia hila hiyo kuzilaza ovari kwa makusudi.

Pituitari hiyohiyo hutoa prolaktini, homoni ya maziwa, na dopamini, kemikali ya ubongo, ndiyo breki yake. Dawa yangu huzuia dopamini. Prolaktini ikapanda, GnRH ikafifia, kama inavyomtokea mama anayenyonyesha.

Kwa hiyo hedhi ikipotea miezi mitatu na huna mimba, omba kupimwa prolaktini pamoja na thairoidi, tezi ya shingoni, maana thairoidi ikilegea nayo huipandisha. Beba vidonge vyako vyote kwenye mfuko, hata vile unavyoviona si kitu. Kabla ya kutolewa damu, kaa utulie. Mara ya kwanza nilipanda ngazi mbiombio, ikabidi nirudie kipimo. Na usijiachishe dawa mwenyewe, hasa za magonjwa ya akili, ambazo baadhi yake hupandisha prolaktini vilevile. Ila kichwa kikiuma na macho yakaanza kupoteza pembeni, usisubiri miadi, nenda siku hiyohiyo, kwani huenda kuna uvimbe kwenye tezi.

Mimi nilibadilishiwa dawa tu. Wiki ya sita hedhi ikarudi, nikiwa sina pedi hata moja.