Hizo wiki mbili ni za nani?

Swali lenu la wiki hii linauliza mjamzito aanze kliniki mwezi wa ngapi. Jibu fupi ni kabla ya wiki ya 12. Lakini swali lenyewe limechelewa, maana kazi nyeti kuliko zote tumboni huisha kabla wengi hawajapewa kitabu cha mama na mtoto.

Nakumbuka mabishano kwenye benchi la kliniki moja huku Eastlands, Nairobi. Mke wa dereva wa lori alitoka kupigwa picha ya tumbo (ultrasound), karatasi imeandikwa wiki 8. Mama mkwe akahesabu kwa vidole: mwanawe alirudi kutoka Malaba tarehe 13 Machi, na siku hiyo ilikuwa 26 Aprili. Wiki 6 na siku mbili tatu. "Na hizo wiki mbili zingine ni za nani?" Benchi zima likanyamaza. Muuguzi akaomba kalenda. Mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo siku mwanamke anayoweza kuitaja. Yake ilikuwa 1 Machi. Yai hupevuka karibu siku ya 14, kwa hiyo mimba ilitungwa karibu 15 Machi, mume akiwa nyumbani. Katika zile wiki mbili za kwanza hakukuwa na mtoto wa yeyote. Mama mkwe alikubali shingo upande, kisha akauliza kama mashine haikosei. Hukosea, lakini kwa siku 5 hadi 7 tu mimba ikiwa changa hivyo. Mtoto hupimwa kutoka utosini hadi matakoni, na katika wiki ya 8 ana kama sentimita 1.6.

Sasa zifuateni tarehe hizo hizo. Kati ya 21 na 25 Machi yai lililorutubishwa lilijipandikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Tarehe 29 hedhi haikuja. Mwanzoni mwa Aprili, utando mwembamba mgongoni mwa kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika, ulianza kujikunja kama chapati, kingo zikakutana zikawa mrija. Humo ndimo hutoka ubongo na uti wa mgongo. Karibu 6 Aprili moyo ukaanza kudunda. Kufikia 12 Aprili mrija ulipaswa kuwa umefungika pande zote mbili. Upande wa juu ukibaki wazi, ubongo haukamiliki na mtoto haishi. Wa chini ukibaki wazi, huzaliwa na mgongo wazi, mara nyingi na maji kichwani pia. Siku ya yale mabishano, wiki mbili zilikuwa zimeshapita tangu mrija ulipopaswa kufungika.

Ndiyo maana asidi ya foliki, vitamini inayosaidia mrija huo kufungika, miligramu 0.4 kila siku, huanzwa angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba na kuendelea hadi wiki ya 12. Hupunguza hatari ya mrija kubaki wazi, haiiondoi. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe virutubisho, foleti (vitamini hiyo hiyo) ikiwemo. Ule wa kusiagisha kwenye posho mill mtaani kwa kawaida hauongezwi kitu.

Nilidhani ningemalizia kwa kusema kliniki ya kabla ya wiki ya 12 haina maana kubwa. Hapana, ina maana. Kaswende ikigunduliwa mapema hutibiwa kwa sindano ya penisilini kabla haijamdhuru mtoto, na mwenye virusi vya ukimwi huanzishiwa dawa. Halafu mtoto wa wiki 12 ana gramu kama 14, na wa wiki 28 hukaribia kilo moja; damu ya kujenga mwili huo inahitaji madini ya chuma, miligramu 60 zilizo katika tembe za kliniki. Msizimeze na chai, chai huzuia chuma kufyonzwa.

Kwa hiyo kliniki kabla ya wiki ya 12, naam, ila anayepanga kuzaa atangulie duka la dawa. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, 0.4 haimtoshi, daktari humwandikia miligramu 4 au 5. Na anayetumia valproeti kwa kifafa, dawa inayoongeza hatari hiyo hiyo, amwone daktari kabla ya mimba, wala asiiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.