Maji ya Nairobi huchemka kwa nyuzi 94: ushauri kwa anayesoma biolojia, afya ya mazingira na hali ya hewa

Tumbukiza kipimajoto cha maabara kwenye sufuria ya maji yanayotokota, hapa Nairobi, kisha usubiri. Kitapanda hadi karibu nyuzi 94 za Selsiasi na kukwama hapo, hata ukiongeza moto. Kitabu kimesema 100. Wanafunzi wengi wakifika hapo huandika 100 kwenye daftari, maana wanahofia kukosa alama. Hilo ndilo kosa linalotuuma zaidi katika kazi za vitendo, kwa sababu kipimajoto kilikuwa sahihi na daftari ndilo lililodanganya.

Sababu yenyewe ni mwinuko. Dagoretti Corner, yalipo makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ni karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayotulemea huku ni kidogo kuliko ya Mombasa, hivyo mgandamizo wake huwa kati ya hektopaskali 820 na 840 badala ya 1,013 au zaidi kidogo za pwani. Mgandamizo ukipungua, maji hayahitaji joto jingi ili yachemke. Ukifungua programu ya hali ya hewa kwenye simu uone 1,020, usishtuke: namba hiyo imerekebishwa hadi usawa wa bahari ili miji yote ilinganishwe. Kipima-mgandamizo kilicho ndani ya simu yenyewe, kama simu yako inacho, kitakupa mia nane na kitu. Zote mbili ni kweli, ila usizichanganye kwenye jedwali moja.

Namba hiyo ya 94 itakufuata kila mahali. Kwenye kipimo cha sukari kwa myeyusho wa Benedict, acha mrija ukae dakika 5 nzima ndani ya maji yanayochemka kabla hujasema sukari haipo, kwa kuwa mabadiliko huja polepole kidogo: buluu, kijani, manjano, rangi ya chungwa, halafu wekundu wa tofali. Kwenye kipimo cha wanga katika jani, spiriti huchemka kwa takriban nyuzi 73 badala ya 78. Ndiyo maana kwanza unachemsha maji, unazima moto, ndipo unatumbukiza mrija wenye spiriti na jani ndani ya maji hayo ya moto. Usiweke kamwe spiriti juu ya moto wenyewe, wala usiwashe moto tena chupa ya spiriti ikiwa wazi mezani. Mvuke wake hutambaa na kushika moto kwa mbali.

Tukiwa bado kwenye jani: majaribio mengi ya wanga huharibika kabla hata ya kuanza, kwa sababu ya jani lililochaguliwa. Jani la kitunguu halihifadhi wanga, nalo jani la sukuma wiki lina nta inayozuia maji kupenya. Chukua jani laini la maharagwe au la jiraniamu. Mmea ukae gizani saa 24 hadi 48 kabla ya jaribio, la sivyo sehemu uliyoifunika kwa karatasi isipate mwanga itageuka nyeusi pia, ishara ya wanga, na hutajua ni kwa nini. Jani likitoka kwenye spiriti huwa gumu na huvunjika. Lichovye kwenye maji vuguvugu sekunde chache lilainike, ndipo udondoshe iodini. Iodini ya kemisti hutumika, lakini izimue hadi iwe na rangi ya chai ya rangi. Ikiwa nzito, kila kitu huonekana cheusi.

Hadubini nayo inataka subira. Anza na lenzi ya 4, yaani inayokuza mara 4, si ya 40. Utando wa kitunguu ukunjuliwe ndani ya tone la maji, na kioo cha juu kishushwe kwa upande mmoja kwanza, taratibu, kwa sindano. Ukikiachia kianguke bapa, utanasa viputo vya hewa, na kila mwaka kuna mtu anayechora kiputo na kukiita seli. Kiputo ni duara kamili lenye ukingo mnene mweusi. Seli ya kitunguu ni ndefu, imepangwa kama matofali. Ili upate ukubwa halisi, weka rula ya plastiki inayopitisha mwanga chini ya lenzi ya 4 uhesabu milimita zinazoonekana. Tuseme ni 4.5. Chini ya lenzi ya 10 uwanja huo unakuwa 4.5 × 4 ÷ 10, yaani milimita 1.8. Zikijipanga seli 6 kwa urefu kutoka ukingo hadi ukingo, kila moja ina takriban milimita 0.3. Kwenye mchoro, ukuzaji ni urefu wa mchoro ugawanywe kwa urefu wa kitu halisi, vyote kwa kipimo kimoja. Sentimita juu na milimita chini ni alama zinazotupwa bure.

Kipimamvua cha chupa

Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa kifaa hiki ni rahisi kukitengeneza na ni rahisi zaidi kukikosea.

Chukua chupa ya plastiki ya lita 2 yenye kuta zilizonyooka. Kata theluthi ya juu, igeuze kichwa chini ndani ya sehemu iliyobaki iwe faneli, kisha funga kingo kwa selotepu. Wengi hubandika rula ubavuni na kusoma. Kitako cha chupa kimejaa mabonde, kwa hiyo milimita za kwanza zote ni za uongo. Afadhali upime ujazo. Mimina maji ya mvua kwenye sirinji ya mililita 10 au 20 isiyo na sindano, na uhesabu.

Hesabu ni hii. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita mraba. Mdomo wa faneli ukiwa na kipenyo cha sentimita 9, eneo lake ni sentimita mraba 63.6, na milimita 1 ya mvua ni mililita 6.36. Ukikuta mililita 89, gawanya: mvua ni milimita 14.0. Kinachoamua kila kitu ni kipenyo. Plastiki iliyokatwa hujikunja ikawa kama yai, basi pima pande tatu utafute wastani. Ukiandika 9.5 badala ya 9, eneo linaongezeka kwa asilimia 11, na mvua yako yote ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, itakuwa pungufu kwa asilimia 10 bila wewe kujua.

Kiwekwe mbali na vizuizi, umbali wa angalau mara mbili ya urefu wa kizuizi. Ukuta wa mita 3 unataka mita 6. Kwenye ploti za mitaa kama Umoja au Pipeline nafasi hiyo haipatikani chini, hivyo paa la bapa hubaki kuwa chaguo, ingawa upepo wa juu huipeperusha mvua isiingie kifaani. Andika hivyo kwenye ripoti. Msahihishaji mzuri anathamini udhaifu uliotajwa kuliko usahihi wa kujifanya. Soma saa tatu asubuhi kila siku, hata kama hakukunyesha, na uandike 0.0. Nafasi tupu haimaanishi sufuri, inamaanisha hukusoma.

Kipimajoto cha hewa kikae kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye mianya, mita 1.2 hadi 2 kutoka ardhini, juu ya nyasi na si juu ya simenti. Vitabu vingi vya ng'ambo husema mlango wa kisanduku utazame kaskazini. Sisi tuko karibu nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta: Juni jua liko kaskazini kwetu, Desemba liko kusini. Ukiwa na mlango mmoja, utakuwa umelielekea jua sehemu fulani ya mwaka. Weka milango miwili, ufungue ule ulio kivulini.

Na ukipima unyevu kwa vipimajoto viwili, kikavu na chenye utambi uliolowa maji, angalia jedwali lako limeandikwa kwa mgandamizo gani. Kikavu kikisoma 24 na cha utambi 18, jedwali la usawa wa bahari litakupa unyevu wa takriban asilimia 53. Kwa mgandamizo wa Nairobi jibu linakaribia 56. Si tofauti ya kukosesha usingizi, lakini ni ya kutajwa. Utambi uwe safi na maji yasiwe ya chumvi. Utambi mchafu hupandisha namba na kukudanganya kwamba hewa ina unyevu kuliko ilivyo.

Maji: jiulize swali kabla ya kushika chupa

Maji mengi ya mfereji Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, mengine Sasumua, Ruiru na chemchemi za Kikuyu. Lakini nyumba nyingi hunywa ya boreholi (kisima kirefu cha kuchimbwa), ya boza (lori la maji), au ya mtungi ulionunuliwa kwa mkokoteni. Ukitaka kujua kama maji ya kampuni ni salama yakifika, futa mdomo wa mfereji kwa spiriti, uache maji yatiririke dakika 2 au 3, ndipo ukinge. Ukitaka kujua familia inakunywa nini, usifanye hivyo hata kidogo. Chota kwenye mtungi wao, kwa kikombe chao. Mara nyingi maji huingia mtungini yakiwa safi na kuchafuka humo humo, na ukikinga mferejini tu utaandika ripoti safi kuhusu nyumba yenye watoto wanaoharisha.

Chupa iwe imechemshwa, usiijaze hadi juu, na sampuli ifike maabara ndani ya saa 6 ikiwa kwenye boksi la barafu. Maji yenye klorini yanataka kemikali ya thaiosalfeti ndani ya chupa. Bila hiyo klorini itaendelea kuua bakteria njiani na utahesabu wachache kuliko waliokuwepo.

Wale wanaotumia chupa zinazogeuka nyeusi kukiwa na uchafu wa kinyesi wakumbuke kwamba kipimo hicho kinataka joto la nyuzi 25 hadi 35 kwa saa 24 hadi 48. Julai, usiku ukishuka hadi karibu 12, chupa iliyoachwa dirishani inaweza kubaki bila rangi huku bakteria wamo. Iweke kwenye boksi lenye chupa za maji vuguvugu. Ambatisha daima chupa mbili za kulinganisha: moja yenye maji yaliyochemshwa yakapoa, nyingine yenye maji unayojua ni machafu. Ya pili isipogeuka nyeusi, kipimo chako kimekufa na majibu yote ya siku hiyo hayafai. Ukimaliza, vaa glavu, tia dawa ya klorini ndani ya kila chupa, ikae dakika 30, halafu mwaga chooni.

Kuhusu kutibu maji: dawa ya klorini ya asilimia 3.5, isiyo na manukato, ina miligramu 35 kwa kila mililita. Mililita 1.2 kwenye mtungi wa lita 20 hutoa takriban miligramu 2 kwa lita, kiasi kinachofaa maji maangavu. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa, na kipimo kiongezwe maradufu, kwa kuwa tope hula klorini. Subiri dakika 30 kisha pima klorini iliyobaki. Kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita ndiyo unayotafuta wakati wa kunywa. Ukipata sufuri, ama dawa imechakaa kwa kukaa juani, ama maji yalikuwa machafu kuliko ulivyodhani.

Je, nyuzi 94 zinatosha kuua vijidudu? Zinatosha. Maji yakitokota kwa nguvu dakika 1 yanatosha kwa mwinuko wetu. Kisichoondoka kwa kuchemsha ni floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, ambayo boreholi nyingi za Nairobi zinayo kupita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Kuchemsha huongeza ukali wake, maana maji hupungua na floraidi hubaki. Klorini nayo haiigusi. Mwanafunzi wa afya ya mazingira anayemwambia mama mwenye boreholi "chemsha tu" hajamsaidia kuhusu meno ya mwanawe.

Mradi unaounganisha yote matatu

Ukiruhusiwa kuchagua mradi, chagua mvua na viluwiluwi vya mbu. Unataka kipimamvua, kipimajoto, upawa mweupe wa mililita 350 na wiki 6 mfululizo. Chagua madimbwi au mitaro 5, uchote mara 10 kila moja, siku ile ile ya wiki, saa ile ile. Sogea kivuli chako kikiwa nyuma. Viluwiluwi vikiona kivuli huzama, na utaandika sufuri mahali palipojaa. Vinavyolala sambamba na uso wa maji ni vya anofelesi, mbu wa malaria. Vinavyoning'inia kwa mshazari, mrija wa kupumulia juu, ni vya kuleksi, na kwenye mitaro michafu ya jiji hao ndio utakaowaona zaidi.

Usilinganishe mvua ya wiki hii na viluwiluwi vya wiki hii. Yai hadi mbu huchukua siku 7 hadi 14, baridi ikiongeza siku, hivyo sogeza safu ya mvua nyuma kwa wiki moja, kisha mbili, uone ipi inafuatana vizuri. Na ikitokea wiki ya mvua kubwa kuliko zote ikafuatwa na idadi ndogo kuliko zote, usiifute. Nenda ukautazame mtaro: mara nyingi utakuta mafuriko yameusafisha, yamevikumba viluwiluwi na kuvipeleka mtoni. Piga picha ya mtaro huo, uandike tarehe, na milimita za siku hiyo zikae kando yake kama zilivyo.