Unasafiri nje na droni? Kibali kwanza, tiketi baadaye

Wiki hii kuna dada wa Moshi kanitumia meseji, anaenda Ujerumani kumtembelea kaka yake, tiketi kashakata ya kutokea Nairobi kwa sababu ilikuwa nafuu kuliko ya KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, na droni yake ndogo ya chini ya gramu 250 iko tayari kwenye begi. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, eti huko Ulaya wanaruhusu?" Nikamjibu Ulaya wanaruhusu vizuri tu ukifuata utaratibu wao, dada yangu, kwako kazi inaanzia mpakani. Akashangaa kweli. Nikajua na wengine mngeshangaa, ndo maana leo naandika.

Iko hivi. Sisi wa Arusha na Moshi tumezoea kupanda shato asubuhi, tunagonga mhuri Namanga, jioni tuko JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi. Sasa Kenya wana kanuni zao za droni za mwaka 2020, na kuingiza droni nchini kwao kunahitaji idhini ya KCAA, mamlaka yao ya usafiri wa anga. Hawakuulizi kama unaenda kuirusha au unapita tu. Ukivuka nayo ardhi yao umeiingiza, basi, iwe umepitia Namanga au Holili. Na wakiizuia hapo mpakani utaichukua vipi wakati wewe unatoka kwa ndege Nairobi na mzigo wako umebaki Namanga? Nimemwambia aombe idhini mapema au abadilishe safari atokee KIA, na kama vyote haviwezekani aiache nyumbani kwa mama.

Hili sisi tungetakiwa kulijua kuliko watu wote duniani. Tunaishi mji wa watalii! Kila msimu nasikia maguide wakisimulia wageni waliotua na droni bila kibali cha TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, wala cha Wizara ya Ulinzi, mgeni kalipia safari miaka na miaka halafu chombo chake kinabaki forodha. Na mwenye kibali cha TCAA akifika Serengeti au kwenye geti la Kilimanjaro bado anatakiwa awe na ruhusa ya TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa. Tunawasikitikia, tunasema si wangeuliza kwanza. Halafu zamu yetu ikifika ya kusafiri na sisi hatuulizi.

Mimi niliuliza. Nilipoalikwa na dada yangu anayefanya kazi karibu na Leipzig, wakala mmoja wa tiketi hapa mjini aliniambia "we beba tu, hakuna anayeangalia". Nilimshukuru nikarudi zangu nyumbani nikakaa na kompyuta usiku. Nikakuta Umoja wa Ulaya wana kanuni moja ya pamoja iliyoanza kutumika tarehe 31 Desemba 2020, na sisi tunaotoka nje ya Ulaya tunajisajili kwenye nchi ya kwanza tutakayorusha, ukishasajiliwa hapo nchi nyingine zote za Umoja zinakutambua. Mamlaka ya Ujerumani inaitwa Luftfahrt-Bundesamt. Unapewa namba ya opereta, yaani ya mwenye droni, inayoanza na DEU, unaibandika kwenye droni. Bima Ujerumani ni lazima kwa droni yoyote, hata hizo ndogo.

Yangu ni Mavic Air 2, gramu 570, kwa hiyo kwa uzito huo na mtihani wao wa kurusha droni ulinihusu. Unafanyika mtandaoni, maswali 40 ya kuchagua, upate asilimia 75, cheti kinadumu miaka mitano. Nilisoma kama mtoto wa darasa la saba, na nilifaulu, na sioni aibu kusema nilifurahi kuliko hata siku niliyopata leseni ya gari. Tena droni za zamani kama yangu ambazo hazina alama ya daraja la Ulaya, ile inayobandikwa na kiwanda kuonyesha droni iko kundi gani, kuanzia Januari 2024 zikiwa na gramu 250 kwenda juu zinarushwa mbali tu, mita 150 kutoka makazi, maeneo ya biashara, viwanda na sehemu za mapumziko. Kwa hiyo zile picha za katikati ya mji nilizisahau kabla hata sijapanda ndege, nikamwambia dada anitafutie mashamba.

Na mashamba yalikuwepo jamani, yale ya maua ya njano yanaenda mpaka macho yanachoka. Nilifungua ramani yao ya dipul inayoonyesha wapi kumekatazwa, nikahakikisha, nikarusha chini ya mita 120, chombo nakiona kwa macho yangu muda wote. Kuna mtu alipiga simu polisi. Wakaja wawili, wastaarabu kabisa, wakauliza droni ya nani, nikaishusha nikawaonyesha namba, cheti, karatasi ya bima, pasipoti. Mmoja akasoma kila ukurasa, akanirudishia, akaniambia endelea. Dada yangu alikuwa pembeni anatetemeka, mimi moyo umetulia. Ndugu zangu, kusimama ugenini na kila karatasi yako imekamilika ni heshima ambayo sijui niielezeje.

Huyu dada wa Moshi mtihani haumhusu kwa sababu ya uzito, ila droni yake ina kamera kwa hiyo kujisajili na bima viko palepale. Asirushe juu ya mkusanyiko wa watu, na asipite juu ya viwanja vya nyumba za watu bila mwenye nyumba kukubali, kule faragha wanaichukulia kwa uzito mkubwa.

Kaniuliza pia kuhusu Morocco, anataka apitie siku chache wakati wa kurudi. Hapo hapana. Tangu 2015 Morocco hawaruhusu kuingia na droni bila kibali cha mapema, wanaichukua uwanjani. Misri wana sheria namba 216 ya mwaka 2017, bila ruhusa ya Wizara ya Ulinzi usijaribu. India walipiga marufuku kuingiza droni kutoka nje Februari 2022. Uingereza inaruhusiwa lakini tangu Januari 1, 2026 usajili unaanzia gramu 100, kwa hiyo ule usemi wa "yangu ni ndogo hainihusu" umekwisha. Marekani kuanzia gramu 250 unasajili FAA, mamlaka yao ya usafiri wa anga, unafanya mtihani wa bure unaoitwa TRUST, na hifadhi zao za taifa hakuna kurusha. Safari yako ikipita nchi tatu, soma za nchi zote tatu, na soma kwenye tovuti ya mamlaka yenyewe sio kwenye video ya mtu.

Kuna kaka mmoja kwenye kundi letu la wapiga picha, kipindi kile naulizia haya mambo aliniambia mbele ya wote kwamba nawaogopa Wazungu, nina roho ya mtumwa. Watu wakacheka, na wengine niliwafundisha mimi kushika rimoti. Liliniuma na bado linaniuma. Kufuata sheria ya nyumba ya mtu sio utumwa. Mgeni akija kwetu akarusha droni juu ya tembo bila ruhusa tunakasirika, na tuna haki ya kukasirika, sasa na sisi tukienda kwao tuwe watu wa kuuliza. Vijana wengi mna vipaji, mnataka kupiga picha dunia nzima kama mimi ninavyotaka, msiache kipaji kikaishia kwenye stoo ya forodha.

Betri za akiba zinakaa begi la mkononi, kamwe zisiwe kwenye mzigo mkubwa. Chukua volti zidisha kwa mAh, zote zimeandikwa kwenye betri, gawanya kwa 1000, unapata Wh, kipimo cha nishati ambacho mashirika ya ndege wanakitumia. Ya kwangu ni 11.55 mara 3500, inakuja kama 40, na kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ya shirika ni 100. Ziba vichwa vyake kwa selotepu, kila moja kwenye mfuko wake, na ulizia shirika lako linaruhusu ngapi. Risiti ya kununulia na karatasi za TCAA tembea nazo kwenda na kurudi, maana forodha ya KIA nao wanaweza kukuuliza hii droni imetoka wapi.