Paka Wangu Ana Mafua: Maswali Yenu na Majibu

Kikapu cha maswali kimejaa paka wanaopiga chafya. Nimechagua machache, na moja nimelijibu kwa urefu kwa sababu ndilo linaloamua paka apone au azidiwe.

Pua inatoka makamasi, macho yana tongotongo. Nina antibiotiki zilizobaki. Nimpe?

Hapana. Mafua mengi ya paka huletwa na virusi viwili, herpesi ya paka na kalisi, na antibiotiki haziui virusi. Daktari wa mifugo huziandika pale bakteria wanapodandia, mara nyingi makamasi yakiwa mazito na ya kijani. Akikupa doksisiklini ya vidonge, usimmezeshe kikavu. Fuatisha maji au chakula kidogo, maana kidonge hicho kikikwama njiani huunguza koo. Mafua ya kawaida huisha kwa siku 7 hadi 10, ingawa wengine huchukua wiki tatu.

Tangu jana hajagusa chakula. Nifanyeje?

Kazi yenyewe ni hii. Paka hula kwa pua kabla ya kula kwa mdomo. Pua ikiziba, chakula chake na kipande cha kadibodi ni mamoja. Kwa hiyo anza na pua, bakuli lisubiri.

Lowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu, iweke juu ya makamasi yaliyokauka mpaka yalainike, ndipo ufute. Kisha ingia naye bafuni, funga mlango, fungulia maji ya moto chumba kijae mvuke, mkae dakika 10 hadi 15. Rudia mara mbili au tatu kwa siku. (Mimi hutoka nimelowa kuliko paka.) Msimfukize kwa kumfunika shuka juu ya sufuria ya maji ya moto kama tunavyojifukiza sisi; akiruka mtaungua wote.

Pua ikishafunguka, usichelewe: mletee chakula laini chenye harufu kali, kilichopashwa kufikia joto la mwili wake, kama nyuzi 38. Supu ya kuku isiyotiwa chochote inafaa, lakini vitunguu maji na vitunguu saumu ni sumu kwake. Akisogelea bakuli kisha akarudi nyuma huku akidondosha ute, huenda ana vidonda vya ulimi, jambo ambalo kalisi hulipenda sana. Huyo anahitaji dawa ya maumivu kutoka kwa daktari. Usimjazie chakula mdomoni kwa nguvu, kinaweza kumwingia mapafuni.

Mbona nasisitiza hivi? Paka asiyekula siku kadhaa, hasa mnene, mafuta hujaa kwenye ini, na hapo mafua yanageuka ugonjwa mwingine kabisa. Saa 24 bila kula chochote, wasiliana na daktari. Mtoto wa paka usimsubirishe hata hizo.

Ana homa. Nusu kidonge cha parasetamoli kitamdhuru?

Kinaweza kumuua. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, na damu yake hushindwa kubeba oksijeni. Kama umeshampa, acha kusoma, mpeleke sasa hivi. Na zile dawa za kupaka kifuani zenye kafuri, pamoja na mafuta ya mikaratusi, zikae mbali naye.

Nitajuaje kwamba hali ni mbaya?

Hesabu pumzi akiwa amelala. Kwa kawaida hazizidi 30 kwa dakika. Zikipita 40, mwahishe. Akihema mdomo wazi, au fizi zikiwa na rangi ya bluu, ni dharura. Jicho analolifumba muda wote nalo lisingoje, kwani herpesi huweza kulitia kidonda. Usiliwekee matone ya mtu mwingine. Yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, huzidisha kidonda hicho.

Ataniambukiza mimi? Na paka wangu wa pili?

Wewe, virusi hivyo haviwezi. Paka wa pili, ndiyo, tena kwa urahisi: mtengee mgonjwa chumba, bakuli na sanduku la choo, na umhudumie mwisho, kisha unawe mikono. Herpesi hufa upesi nje ya mwili, lakini kalisi huweza kukaa kwenye vitu kwa wiki kadhaa, na sabuni peke yake haitoshi. Tumia dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, suuza vizuri.

Alipona, lakini tulipohama nyumba chafya zikarudi. Chanjo haikufanya kazi?

Ilifanya. Chanjo hupunguza ukali, haizuii maambukizi yote. Herpesi ikishaingia hujificha kwenye neva maisha yote, na misukosuko kama kuhama au kuletewa paka mgeni huiamsha. Ukijua mnahama, mwandalie chumba kimoja tulivu chenye vitu vyake vya zamani, bila kuvifua.

Nimwogeshe atoe harufu ya ugonjwa?

Usimwogeshe. Mfute uso, mchane manyoya, mwache alale penye joto.