Maswali ya Wasomaji: Waya za Mnara Zinapoonyesha Mgandamizo

SWALI: Mhariri, napiga hesabu za mnara wa redio wa mita 60 unaoshikiliwa na waya tatu tatu katika ngazi za mita 19, 38 na 57. Nanga ziko mita 40 kutoka kitako, waya ni za milimita 9.5. Kwenye programu nimeziingiza kama vyuma vya kawaida. Sasa waya za upande upepo unakoelekea zinaonyesha mgandamizo, na kilele hakisogei hata kidogo. Kosa ni nini? Na kitako nikifungeje? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Waya haisukumi, inavuta tu. Umeiambia programu kuwa ni fito, nayo imeipa kazi ya fito. Waya za demani, yaani za upande upepo unakoelekea, zinausaidia mnara wako kwa nguvu isiyokuwepo, ndiyo maana kilele kimetulia.

Wengi hukimbilia kuamuru waya ivute bila kubanwa. Hiyo ni nusu ya dawa: mgandamizo unaondoka, lakini waya inabaki imenyooka kama rula, bila mkazo wa kuanzia, yaani mvuto unaowekwa kwenye waya kabla ya upepo. Tumia kipengele cha kebo. Programu ya SAP2000 inacho; ile ya tnxTower, iliyoundwa kwa ajili ya minara na kanuni ya Marekani ya TIA-222, huhesabu waya hivyo yenyewe. Kwa ugumu wa waya ya kusokotwa weka gigapaskali 160 hivi, si 200 za chuma kizima.

Mkazo wa kuanzia kwa kawaida ni asilimia 10 ya nguvu ya kukatika. TIA-222 inaruhusu 7 hadi 15. Waya yako, ikiwa ni ya daraja la nguvu ya juu zaidi (EHS), hukatika kwenye kilonyutoni 68 hivi, basi weka 6.8. Ukiuingiza kama baridi inayoifupisha waya, mnara nao utabonyea kidogo na mkazo utashuka chini ya ulioutaka. Rekebisha, endesha tena, hadi ukae.

Kabla ya kugusa upepo, endesha uzito na mkazo peke yake, kisha shika kalamu. Waya za juu zinakandamiza mnara kwa kilonyutoni 16.7, za kati 14.1, za chini 8.8: karibu 40 jumla. Ongeza uzito wa mnara na nusu ya uzito wa waya, linganisha na nguvu ya kitakoni. Waya ya juu nayo ibonyee kama sentimita 35 katikati, ukipima kwa pembe mraba na mstari wa waya. Ikionyesha sifuri, bado ni fito.

Halafu usijumlishe majibu ya uzito na ya upepo yaliyopigwa mbalimbali, wala usizidishe jibu kwa kigezo cha usalama. Waya ikilegea, mnara mzima unabadilika ugumu. Zidisha mizigo kwanza, kisha kila mchanganyiko uhesabiwe upya, upepo ukielekea waya moja, ukipita katikati ya mbili, na ukiikata waya moja kwa pembe mraba.

Kuhusu kitako: ikiwa ni cha pini, kizuie kusogea, kiachie kuinama.