Fundi wa imeili hahitaji nenosiri lako

"Mpendwa mtumiaji, kikasha chako kimejaa asilimia 98. Hakiki akaunti yako ndani ya saa 24, la sivyo itafungwa. Kitengo cha Msaada wa TEHAMA."

Barua kama hii ikiingia saa nne asubuhi kwenye ofisi ya wakala wa forodha pale Tunduma, madereva wako dirishani wanaulizia nyaraka zao, nani ana muda wa kuikagua? Inabonyezwa tu. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeshazizoea, tunazifuta huku tunacheka. Imeili bado tunaiheshimu mno, hasa ikija na nembo na saini ya kitengo fulani.

Tuanze na jambo ambalo likieleweka nusu ya kazi imeisha. Mfumo wa barua pepe uliotengenezwa vizuri hautunzi nenosiri lako kama ulivyoliandika. Unalisaga kwa hesabu isiyorudi nyuma na kutunza unga wake tu, kwa hiyo hata msimamizi wa seva hawezi kulisoma. Wala halimsaidii chochote: akitaka kurekebisha akaunti yako anaifanyia kazi kutoka upande wake, na ikibidi anakuwekea nenosiri jipya la muda, kisha anakwambia ulibadilishe. Anayekuomba la zamani, iwe kwa linki, kwa fomu au kwa simu, hana kazi nalo ya halali.

Na kikasha kujaa? Kwa Gmail nafasi ya bure ni GB 15, ikigawanywa kati ya barua, Drive na picha. Ikijaa, barua mpya hazipokelewi, na onyo unaliona ndani ya Gmail yenyewe. Akaunti haifungwi kesho yake. Google wanasema wanaweza kufuta vilivyomo ukikaa umezidisha nafasi kwa miaka 2 au zaidi. Miaka 2 na saa 24 ni vitu viwili tofauti kabisa.

Sasa macho yaende wapi? Jina la mtumaji ni maandishi tu, kila mtu anaweza kujiita "Msaada". Kwenye simu gusa kishale kidogo chini ya jina uone anwani kamili. Halafu linki: usiifungue, ibonyeze na kuishikilia mpaka anwani yake ionekane. Kwenye kompyuta weka kishale cha mausi juu yake bila kubofya, anwani itatokea chini ya dirisha. Tuseme imeonekana hivi:

https://barua.mfano.co.tz.hakiki.example.com/ingia

Jicho la haraka linakamata mfano.co.tz na kuridhika. Isome upya. Ruka https://, nenda mpaka mkwaju unaofuata, simama hapo, kisha rudi kushoto. Kabla ya mkwaju kuna com, kabla yake example. Basi mwenye nyumba, yaani domeni, ni example.com. Vilivyobaki kushoto, pamoja na hilo jina la ofisi yenu, ni vibao tu, na mwenye nyumba anabandika kibao chochote anachotaka. Kwa domeni zetu nyingi za .tz hesabu vipande vitatu kutoka kulia: tz, kisha co, or, ac au go, kisha jina lenyewe. Angalia pia herufi zinazofanana: r na n zikikaribiana kwenye kioo kidogo zinasomeka m.

Kuna ushauri wa zamani tunaoupinga kabisa: "angalia kufuli" na "tafuta makosa ya lugha". Kufuli linaonyesha tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti hiyo yamefichwa. Cheti chake kinapatikana bure, na tapeli anacho kama wewe. Lugha nayo siku hizi imenyooka, Kiingereza na Kiswahili. Hata anwani sahihi si kinga kamili. Akaunti ya mwenzako wa chuo ikishaibiwa, barua inayofuata inatoka kwenye .ac.tz ya kweli na inapita vipimo vyote vya SPF na DKIM, yaani vile ambavyo seva hutumia kuhakiki kama barua imetoka kweli kwenye domeni inayotajwa, kwa sababu kweli imetumwa kutoka huko. Ndiyo maana kinachopimwa kwanza ni ombi lenyewe, mtumaji baadaye.

Ukurasa wa wizi una tabia zake. Mara nyingi imeili yako inakuwa imeshajazwa, imebaki sehemu ya nenosiri tu. Hiyo haimaanishi wanakujua. Anwani yako ilipachikwa mwishoni mwa linki. Unaandika nenosiri, unaambiwa umekosea, unaandika tena. Hukukosea: wanataka uandike mara mbili wawe na uhakika, au utoe na lile la pili unalotumia kwingine. Kisha unapelekwa kwenye tovuti halisi, unajiona mambo yako sawa, unaendelea na kazi. Wakati mwingine hakuna linki, kuna kiambatisho kinachoishia na .htm au .html. Ukikifungua, ukurasa wa kuingia unatoka ndani ya kifaa chako mwenyewe na juu anwani inaanza na file:// au content://. Hakuna huduma ya barua inayoingiwa kwa njia hiyo.

Uthibitishaji wa hatua mbili uwashe leo, lakini ujue mpaka wake. Tarakimu 6 za programu ya simu hubadilika kila sekunde 30, na ukurasa bandia unaweza kuzipokea na kuzipitisha kwenye tovuti halisi kabla hazijaisha muda. Kinachohimili zaidi ni ufunguo wa siri (passkey) unaotunzwa na kifaa badala ya nenosiri na kufunguliwa kwa alama ya kidole, kwa kuwa umefungwa kwenye domeni halisi na haufanyi kazi penginepo. Kitunza manenosiri cha simu nacho ni mlinzi mzuri. Kama kila siku kinakujazia na leo kimekaa kimya, usianze kuandika kwa mkono. Tazama anwani.

Kama umeshalitoa nenosiri

Usipoteze muda kujilaumu. Kwa Gmail, andika myaccount.google.com mwenyewe, badilisha nenosiri, kisha fungua orodha ya vifaa na ukitoe kila usichokitambua. Hakiki namba ya simu na imeili ya kurejesha akaunti. Ikiwa "fundi" huyo alikusakinishia AnyDesk au programu nyingine ya kuingia kwa mbali, zima intaneti ya kifaa hicho na fanya haya yote kwenye kifaa kingine.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo hasara kubwa inapoanzia. Tapeli mwenye subira akiingia huweka kichujio: kila barua yenye neno "invoice" au "payment" itumwe kwake nakala, au ifichwe usiione. Kichujio hakifutiki kwa kubadilisha nenosiri. Tena programu ya Gmail ya simu haikuonyeshi vichujio. Inabidi uingie mail.google.com kwenye kompyuta, gia ya mipangilio, mipangilio yote, ukague kurasa mbili, ya vichujio na ya kuelekeza barua kwingine. Kwa imeili za ofisi zilizo kwenye cPanel, paneli ya kusimamia tovuti na imeili zake, kagua vichujio na pia anwani za kupeleka barua mbele.

Fikiria msafirishaji wa parachichi wa Njombe au Rungwe anayeandikiana na mnunuzi Ulaya. Barua zinasomwa kimya kimya mpaka siku ankara ya kontena inapotumwa. Kisha mnunuzi anapata barua ndani ya mazungumzo yale yale: "Tumebadilisha benki." Pesa inakwenda. Kubalianeni mapema, wakati mambo yametulia, kwamba akaunti ya benki haibadilishwi bila kupigiana simu kwa namba ya zamani, siyo ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

Neno kwa wanaofunguliwa imeili stesheneri wakati wa maombi ya mkopo wa chuo au ajira. Kijana wa dukani huweka nenosiri rahisi, mara nyingi namba yako ya simu, na pengine namba yake mwenyewe ndiyo ya kurejeshea akaunti. Si lazima awe na nia mbaya, anawahi foleni. Ukifika nyumbani badilisha vyote viwili.

Barua ya utapeli usiifute kabla hujaripoti. Kuipeleka mbele kwa kawaida kunapoteza vichwa vyake vya kiufundi vinavyoonyesha ilikopitia, kwa hiyo ipakue kama faili la .eml kwenye kompyuta na umpe mtu wa TEHAMA wa ofisini kwenu kama kiambatisho. Ikiwa fedha imeguswa, piga simu benki kwanza, kisha nenda polisi na faili hilo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Utapeli ukiwa umekuja kwa meseji ya simu, itume kwenda 15040.