Jibu: Saa sita za kushuka mjini zinatosha?

Salamu, ndugu. Nimekuelewa hivi: jahazi linatia nanga saa nne asubuhi, linang'oa saa kumi jioni, nawe unataka kuuzunguka mji wa bandari bila kuachwa.

Zinatosha, ila usizihesabu zote sita. Kwanza muulize nahodha kama mtafunga gatini au mtatia nanga nje na kuvushwa kwa mashua. Kama ni mashua, toa saa nzima ya kusubiri zamu, kwenda na kurudi.

Halafu uliza maji. Hapa ndipo niliponaswa mimi. Bandari nyingi, kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na dakika 12, karibu sawa na muda wenu. Tulishuka maji yamejaa, nikakanyaga ngazi ya juu ya gati bila kulowa. Tuliporudi, ngazi zile zile zilikuwa wazi mpaka chini, kijani kwa mwani, utelezi mtupu, na mashua imekaa mbali kwenye tope. Mama mmoja mzee ilibidi abebwe. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvu, maji hupwa zaidi, kwa hiyo tazama jedwali la maji la bandari hiyo hiyo.

Alasiri upepo wa baharini huzidi na mashua hurusha maji. Simu itie kwenye mfuko wa plastiki. Anza na sehemu za mbali, za karibu na gati ziwe mwisho.